Kitandiko cha Mabega Mawili

Baba Pacha alikuwa adui wa vitu vyepesi. Mlango mwepesi aliuita pazia. Kiti chepesi hakukikalia mpaka akigonge kwanza kwa kifundo cha kidole, na kikombe cha plastiki alikishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyelazimishwa kushika mjusi. Hakuzaliwa hivyo, kazi ndiyo iliyomfanya. Kwa miaka thelathini na minne alishona maturubai ya malori, na katika kazi hiyo kitambaa cha maana ni kile ambacho watu wawili wakikibeba lazima wapumzike njiani. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya kituo cha mafuta, na ndani mlikuwa na cherehani mbili: moja ya kawaida, na nyingine kubwa, nyeusi, yenye sindano nene kama msumari, ambayo alizoea kuisemesha. Ikikata uzi, aliiuliza ameikosea nini.

Juu ya mlango, kwa ndani, palikuwa na ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu: LIZIDI KIGANJA KILA UPANDE. Ubao huo aliuandika mwaka wake wa kwanza kazini, baada ya kushona turubai lililolingana na mzigo sawasawa na kusababisha magunia sita ya unga kuwa uji kabla hayajafika sokoni. Tangu siku hiyo hakuna turubai lililotoka mikononi mwake bila kuzidi kiganja. Madereva walimtania kwamba hata shuka za nyumbani kwake huenda zinaburuta sakafuni, na tuseme ukweli, zilikuwa zinaburuta.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mkunga. Mwanamke mfupi, mwenye maneno ya haraka na kicheko kilichotangulia kufika kila anapokwenda. Alizalisha nusu ya mtaa, na nusu nyingine aliijua kwa uzito wake wa kuzaliwa. Angeweza kumkuta bwana mzima mwenye tai, anangoja kuvuka barabara, akamwambia mbele za watu, "Wewe ulikuja na kilo mbili na nusu tu, tazama sasa ulivyo!" Mgongo ndio uliomstaafisha. Miaka mingi ya kuinamia vitanda ilimvunja kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja akainama kuokota kijiko akashindwa kuinuka. Akapasuliwa, akalazwa, akafundishwa upya kukaa na kusimama. Mgongo ukapona kwa kiasi chake. Usingizi ndio haukurudi. Kila usiku aliamka mara mbili, mara tatu, akatembea ukumbini kwa ndara zake, huku na kule, mpaka maumivu yatulie. Baba Pacha alilala macho akizisikiliza ndara zile, akijifanya amelala, na mkewe akajifanya anaamini.

Kabla ya hayo yote walikuwa na jambo lao. Tangu watoto wao pacha walipokwenda shule ya bweni na nyumba ikawa kimya, wazee hawa wawili walikuwa kila mwaka wakipanda vilimani kwa miguu, wakilala nje siku tatu kando ya ziwa dogo ambalo halifikiki kwa gari. Hawakuwa na hema. Walifunga turubai kati ya miti miwili, wakatandika chini, wakalala. Majirani waliona ni wazimu. Watu wazima, wenye kitanda chao, wakalale porini kama waliofukuzwa! Lakini wao walirudi kutoka huko wamepungua umri, na ndiyo maana miaka miwili ya kutokwenda iliwaingia mwilini kuliko walivyokubali kusema. Mabegi yalining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, na kila aliyeingia kuchukua ufagio aliyapita bila kuyatazama.

Sasa mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali, dada mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, akatoa kauli.

"Mama, unaweza kwenda. Lakini mgongoni kilo tano."

"Tano na kitu?"

"Tano. Hakuna na kitu. Na usilale kwenye baridi wala unyevu, maana mgongo ukikaza huko juu nani atakushusha?"

Akampa tarehe ya kuonana naye tena, siku nne kabla ya safari, aangalie kwa mara ya mwisho. Mama Pacha alirudi nyumbani amekaa wima kwenye kiti kama bibi harusi.

Jioni hiyohiyo mizani ikatolewa. Mizani yenyewe ilikuwa ile ya kupimia watoto wachanga, ya kuning'iniza, yenye kitambaa cha kumlaza mtoto, ambayo wenzake kazini walimzawadia siku ya kumuaga. Baba Pacha aliifunga kwenye boriti ya jikoni, na vitu vya safari vikaanza kulazwa humo kimoja kimoja, huku mkunga akitangaza kwa sauti ya wodini.

"Sufuria. Gramu mia nne. Amelia vizuri."

"Andika tu, Mama Pacha."

"Mfuko wa kulalia wa baba. Kilo moja na mia tatu. Mkubwa, afya njema, kichwa kama cha baba yake."

Mkewe alikuwa na kilo tano, na Baba Pacha mwenyewe, kwa sababu ya goti lake la kushoto ambalo halikupenda miteremko, alijipa kilo kumi. Jumla kumi na tano. Walipomaliza kujumlisha, hesabu, bila kitandiko, ilisoma kilo kumi na tano na gramu mia tisa. Wakaanza kukata. Birika dogo la chai la Mama Pacha lilikatwa la kwanza, naye akanuna, maana kwake asubuhi bila birika si asubuhi, ni usiku uliopakwa rangi. Likatolewa koti la ziada. Ikatolewa taa ya pili, zikabaki kilo kumi na nne na gramu mia nne. Lakini hesabu ilikuwa haijaisha.

"Tumebakiza huyu," akasema Mama Pacha, akanyoosha kidole kwenye kona.

Kwenye kona kulikuwa na kitandiko. Baba Pacha alikishona mwaka ule wa kwanza wa safari zao, kwa turubai zito lililopakwa mpira upande wa chini, upindo mara mbili, pete za shaba pembeni. Kilikuwa na alama ya moto mahali alipowahi kuangushia kaa. Kilikuwa hakijawahi kupitisha tone la maji. Alikibeba mikononi mpaka kwenye mizani.

"Kilo tatu na mia mbili!" akatangaza Mama Pacha. "Mtoto wa kiume!" Halafu akaona uso wa mumewe, akashusha sauti. "Baba Pacha. Bila huyu tunabaki na nafasi ya gramu mia sita. Tafuta kitandiko cha gramu mia sita, twende. Au tubaki."

Hapo ndipo adui wa vitu vyepesi alipoanza kutafuta kitu chepesi.

Alikwenda kwanza kwenye duka la vifaa vya safari, lenye mwanga mkali na sakafu inayoteleza. Binti wa dukani, mwenye adabu zake, akamtolea kitambaa kilichokunjwa kikatosha ndani ya ngumi.

"Mzee, hiki gramu mia mbili na kumi tu. Watu wawili."

Baba Pacha alikikunjua, akakiinua mwangani. Akamwona binti vizuri kabisa upande wa pili, pamoja na hereni zake.

"Binti yangu, hiki ni kitandiko au ni harufu ya kitandiko?"

Binti alicheka mpaka akaegemea kabati. Lakini kile kitambaa kilimfuata mzee mpaka nyumbani kwa mawazo. Kilikuwa kinateleza kama sabuni, na kule kwao walikolala palikuwa na mwinamo kidogo. Aliona kabisa wakishuka taratibu usiku kucha na kuamkia ziwani. Akaamua atajitafutia mwenyewe. Fundi wa maturubai akanunue turubai! Akiulizwa na madereva atajibu nini?

Siku tatu zilizofuata karakana iligeuka maabara. Alilowesha gunia, akalitandaza sakafuni, juu yake akaweka kipande cha kitambaa anachokijaribu, juu yake gazeti kavu, kisha akapiga goti lake zima juu ya gazeti na kuhesabu mpaka mia mbili. Goti ndilo linalosema kweli, maana mtu akilala anaegemea huku na huku, lakini akiamka kutafuta kiatu hupiga goti mahali pamoja kwa uzito wake wote. Gazeti likitoka limelowa, kitambaa hakifai.

Kitambaa cha mwavuli: gazeti lililowa kabla hajafika sitini. Mfuko wa plastiki unaovikwa godoro jipya: maji haukupitisha, lakini alipoukunja mara ya tatu ukachanika wenyewe, bila kuombwa. Plastiki ya wajenzi, ile wanayotandika kabla ya kumwaga zege, ilikuwa ya aina mbili. Nyembamba ilipita mtihani wa goti ikashindwa mtihani wa mwiba. Nene ilishinda yote, ikaenda kwenye mizani ya watoto, ikaleta kilo moja na mia nne. Mama Pacha alitikisa kichwa kama daktari.

Alikuwa amepiga goti hivyo, macho yamefumbwa, midomo inahesabu, wakati shemeji yake alipochungulia mlangoni. Huyu alikuwa mdogo wake Mama Pacha, fundi wa mapaa, mtu wa mzaha ambaye hajawahi kubisha hodi maishani mwake.

"Shemeji! Unatubu?"

"Mia na arobaini na moja, mia na arobaini na mbili. Nyamaza, shemeji."

"Umemfanyia nini dada yangu mpaka hesabu ya dhambi ifike huko?"

Baba Pacha alimaliza mia mbili zake, akainuka kwa kushikilia meza, akamweleza. Shemeji akasikiliza, na mzaha ukamtoka, kwa sababu na yeye alizijua zile ndara za ukumbini. Aliwahi kulala kwao wakati anajenga kwake. Kesho yake akarudi na kipande kikubwa cha kitu cheupe kilichokunjwa kwapani.

"Hiki tunakitandika chini ya vigae. Kinafanana na karatasi, lakini jaribu kukichana."

Baba Pacha alijaribu. Alivuta kwa mikono, akavuta kwa meno, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na shemeji akawa anamtazama kwa raha. Hakikuchanika. Akakiweka juu ya gunia, akapiga goti, akahesabu mia mbili, akaongeza mia kwa ubishi. Gazeti lilitoka kavu, ungeweza kulisoma. Halafu akakipima, akapigwa na butwaa. Alikitazama kile kitu cheupe kwa uchungu wa mtu aliyegundua uzeeni kwamba jirani aliyemdharau miaka yote ni mtu mwema.

Ila kilikuwa na kelele. Ukikigusa tu kilitoa sauti kama ya mtu anayekula biskuti kavu karibu na sikio lako. Mama Pacha akashauri kifuliwe kilainike, na kwa kuwa yeye hakuruhusiwa kuinama, Baba Pacha akakunja suruali, akaingia kwenye beseni, akakikanyaga nusu saa nzima huku mkewe, kitini, akimhimiza apandishe magoti. Kilipokauka kilikuwa laini kama shati kuukuu.

Akakishona. Hapa lazima tumwache kidogo afurahi, maana alifurahi sana. Alipima turubai lao la juu, akaongeza kiganja kila upande kama ubao ulivyoagiza, akakata. Akapiga upindo mara mbili, mwembamba, ulionyooka. Akagonga pete ishirini za shaba. Ile cherehani kubwa aliiambia isishiriki, ikakaa pembeni. Jioni akakipeleka jikoni, akakilaza kwenye mizani kwa mikono miwili.

"Mia tano na tisini," akasema Mama Pacha, akaitazama mizani mara ya pili. "Baba Pacha! Umeweza!"

"Tumebakiza gramu kumi."

"Birika langu?"

"Birika ni gramu mia tatu."

"Basi beba gramu kumi za kifuniko chake, niwe nanusa."

Safari ilikuwa imebakiza siku tisa. Jumapili mchana mawingu yakajikusanya, na Mama Pacha akasema afadhali wajaribu nyuma ya nyumba kuliko kujuta kilimani. Wakafunga turubai la juu kati ya mti na nguzo ya kamba ya nguo, wakatandika kitandiko cheupe chini, kikatokeza nje kiganja kila upande, kimenyooka, kizuri kukitazama. Mama Pacha akajilaza katikati kwenye kigodoro chake na kujifunika. Mvua ikaja. Baba Pacha alisimama mlangoni pa jikoni na chai mkononi, akiisikiliza mvua ikipiga turubai lake, na nafsi yake ikatulia.

Haikuchukua robo saa.

"Baba Pacha!" Sauti ya mkewe ilitoka chini ya turubai. "Nani anamwaga maji?"

Alikimbia bila viatu. Maji yaliyoteremka kutoka turubai la juu yalikuwa yakiangukia kwenye kile kiganja kilichotokeza nje, na kutoka hapo yakatambaa ndani juu ya kitandiko, taratibu, kwa utiifu, mpaka kwenye bonde lililofanywa na makalio ya Mama Pacha, yakajikusanya humo. Kitandiko kilikuwa hakipitishi tone, ndiyo, na kwa hiyo hakuna tone lililotoka. Mkewe alikuwa amelala kwenye beseni. Alikuwa amelowa mgongo mzima, kuanzia shingoni, na alipotaka kuinuka hakuinuka.

Siku mbili alilala kitandani, mgongo umekaza kama ubao. Baba Pacha hakwenda karakana. Alichemsha maji ya kukanda, akapika, akaosha vyombo, akaacha kusema. Hata alipopiga simu mmoja wa pacha kuuliza hali, alijibu "salama" na kumpa mkewe simu haraka kama inayochoma. Alijiona mtu mbaya. Mtaalamu alisema neno moja tu, unyevu, na yeye, fundi wa miaka thelathini na minne, akamlaza mkewe ndani ya maji.

Siku ya tatu Mama Pacha aliamka, akajikongoja mpaka jikoni, akamkuta mumewe ameketi sakafuni. Mbele yake alikuwa amekunjua kile kitandiko cha zamani, cha kilo tatu na mia mbili, anazipaka mafuta pete zake.

"Unafanya nini?"

"Nitakibeba mimi. Juu ya kilo zangu kumi. Wewe utabeba tano zako, hazitaguswa."

"Na goti?"

"Goti ni langu."

"Sawa. Goti lako likifa njiani, mimi na mgongo wangu tutafanyaje? Nitakuitia lori?" Alivuta kiti, akakaa taratibu. "Niletee kile cheupe."

"Kile ni cha kutupa."

"Baba Pacha, nimesema niletee."

Akakileta. Kilikuwa kimekauka kambani, na upindo wake ulikuwa bado umenyooka vizuri mno. Mama Pacha alikikunjua mapajani, kikamfunika miguu, kikafunika kiti, kikatambaa sakafuni mpaka mlangoni. Akakitazama.

"Kwa nini kikubwa hivi?"

"Kinazidi turubai kiganja kila upande."

"Kwa nini?"

Baba Pacha alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini watu wanavaa viatu miguuni. "Turubai lazima lizidi mzigo. Likilingana na mzigo halijafunika kitu."

Mama Pacha akaanza kucheka. Alicheka akiushika mgongo kwa mkono mmoja, anaumia, anacheka, machozi yanamtoka.

"Mume wangu, kile hakifuniki! Kile kinalaliwa! Mimi ni mzigo wa lori?"

Fundi alikitazama kile kitambaa upya, ukingo kwa ukingo.

"Sikiliza," akasema mkewe, akijifuta macho. "Kazini kwetu kuna shuka la mpira tunamtandikia mama anayejifungua. Siku yangu ya kwanza nilitandika mpira ukaning'inia nje ya kitanda, nikaona nimefanya la maana. Maji yalipokuja yakafuata mpira, yakamwagika wapi? Kwenye viatu vya matroni. Viatu vipya. Alinitazama, akaniambia, binti, cha chini kinakaa ndani ya cha juu. Hakichungulii nje."

Baba Pacha alikaa palepale sakafuni. Mbele ya macho yake ule ubao wa rangi nyekundu ulikuwa unasomeka herufi kwa herufi, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne hakuwa na uhakika kwamba uliandikwa kwa ajili ya kila kitu duniani. Aliona aibu, na pamoja na aibu akaona nafuu kubwa, maana kosa lililojulikana lilipo linakatika kwa mkasi.

Akapiga moyo konde. "Lala chini," akasema.

"Nini?"

"Lala hapa, juu yake. Polepole. Nikupime."

Akamsaidia kushuka, akamlaza chali kwenye kitambaa cheupe katikati ya jikoni, akatoa chaki ya kazi sikioni. Kisha na yeye akajilaza kando yake, bega kwa bega, wote wawili wakitazama boriti iliyoning'inizwa mizani ya watoto. Alipitisha chaki pembeni mwa bega lake, akainuka, akazunguka, akapitisha pembeni mwa bega la mkewe, kichwani, miguuni. Alikuwa amepima malori yasiyo na idadi. Hakuwahi kumpima mkewe, na alishangaa jinsi alivyochukua nafasi ndogo duniani, mtu mwenye sauti ile.

"Umeacha kiganja?" akauliza Mama Pacha, bado chali.

"Sikuacha."

Kukata ilikuwa kazi. Hakuwahi kukata upindo alioushona mwenyewe, na mkasi ulipoingia kwenye mshono wa kwanza alikunja uso kama anayeng'olewa jino. Pete za shaba zote ishirini zilibaki upande wa mabaki. Safari hii hakupiga upindo hata mmoja, maana shemeji alimhakikishia kitu kile hakifumuki. Kilichobaki kilikuwa mstatili mweupe, mtupu, usio na pambo lolote la ufundi. Fundi mwenzake angekiona angemwonea huruma. Akakilaza kwenye mizani.

Mama Pacha aliisogelea mizani, akavaa miwani. "Gramu mia na arobaini. Baba Pacha, kazini huyu ningekimbia kumwita daktari."

"Piga hesabu."

Akapiga. Macho yakamng'aa kabla hajafika mwisho. Alikwenda kabatini, akatoa lile birika dogo, akaliweka mezani katikati yao, akakunja mikono. Nafasi ilikuwepo, na gramu mia na sitini zikabaki.

Siku ya miadi mtaalamu wa mazoezi alimwinamisha Mama Pacha, akamnyoosha, akambonyeza hapa na pale. Alisikia habari ya beseni na hakucheka, ingawa alijigeuza dirishani muda mrefu kidogo. "Kilo tano," akasema hatimaye. "Hakuna na kitu. Na mkavu."

Wakaenda. Walipanda taratibu, wakipumzika mara nyingi kuliko zamani, goti likilalamika kwenye miteremko na mgongo kwenye miinuko, hata njia ikawa haina sehemu ambayo wote wawili wanaipenda. Ziwa lilikuwa palepale. Usiku wa kwanza haukuwa na mvua. Mama Pacha aliamka mara mbili, kama kawaida yake, akazunguka turubai kwa hatua ndogondogo kwenye majani, na Baba Pacha alizisikiliza hatua hizo huku amefumba macho. Asubuhi alijiambia kufika tu kulitosha.

Usiku wa pili mvua ikaanza kabla hawajalala. Haikuwa ya mzaha. Walijibana kwenye kile kitandiko chembamba, bega kwa bega, halafu hata bega kwa bega halikutosha, mkewe akageuka ubavu na kuweka kichwa mkononi mwa mumewe. Maji yaliteremka pande zote mbili za turubai, yakaanguka ardhini, yakaenda zake. Baba Pacha alipitisha kidole chini ya ukingo wa kitandiko, akakitoa, akakipapasa kwa kidole gumba. Kikavu. Akapitisha upande wa pili. Kikavu. Akaamua kukesha, asubiri mkewe aamke, amfuate nje na koti.

Alipofungua macho palikuwa peupe. Mvua ilikuwa imekwisha na jua limefika kwenye vidole vya miguu yao. Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi mpaka begani, kwa sababu kichwa cha Mama Pacha kilikuwa juu yake, palepale kilipowekwa jana, mdomo wazi, anakoroma kidogo. Viatu vyake vilikuwa vikavu, vimepangwa kama alivyovipanga. Baba Pacha alivitazama viatu vile muda mrefu mpaka akaelewa. Furaha ilimbana kifuani akaogopa hata kupumua kwa nguvu. Goti lilikuwa linamuuma, haja ndogo ilikuwa inamdai, na hakujitikisa hata unywele.

Jua lilikuwa limefika magotini Mama Pacha alipofumbua macho.

"Saa ngapi?"

"Kama saa mbili."

"Nilitoka mara ngapi?"

"Hukutoka."

Mama Pacha alipeleka mkono nyuma, akajipapasa mgongo, akapapasa kitambaa chini yake, akakifuata kwa vidole mpaka ukingoni, ambao haukuwa mbali. Machozi yalimtoka mara moja tu, akayafuta kwenye shati la mumewe. Birika lilikuwa pale miguuni, linangoja maji, na yeye mwenyewe ndiye aliyeliombea nafasi, lakini hakulitazama.

"Mwakani," akasema, "hiki kitandiko ukipunguze kiganja kingine."

"Kikipungua hapo hatutaenea."

"Tutaenea," akasema Mama Pacha, akarudi kulala.